Anayechanja na anayegoma, wote wanakimbia hatari

Kwenye mijadala ya chanjo huku mtandaoni watu huwa wanagawanywa haraka sana, aliyechanja ndo msomi, aliyegoma ndo mshamba, basi mazungumzo yameishia hapo. Mi naona tunakosea toka mwanzo. Ukikaa na mtu aliyegoma ukamsikiliza bila kumkatisha utakuta sio mtu anayependa kucheza na hatari, ni kinyume chake kabisa, ni mwoga wa hatari kama yule aliyewahi foleni saa moja asubuhi kwenda kuchomwa. Wote wawili wanakimbia. Ila mmoja anaona ugonjwa ndo unamjia na mwingine anaona sindano ndo inamjia, na ukishajua ni nini kinafanya hatari moja ionekane kubwa machoni mwa mtu na nyingine ionekane kama haipo, mambo mengi yanayotushangaza kuhusu chanjo yanaanza kueleweka.

Tuanze na hesabu manake hiyo ndo sehemu rahisi. Mwaka 1721 ndui iliingia Boston, Marekani, wakati ule bado koloni la Waingereza. Mjini hapo kulikuwa na mchungaji anaitwa Cotton Mather, na Mather alikuwa na mtumwa wa Kiafrika wanamwita Onesimus ambaye miaka kadhaa nyuma alishamsimulia kwamba kwao Afrika mtu anachanjwa ngozi, anawekwa usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui, anaugua kidogo, akipona haugui tena maisha yake yote, na yeye mwenyewe alishafanyiwa. Ugonjwa ulipoingia Mather akawaambia madaktari, akakubali mmoja tu, Zabdiel Boylston. Mji ukachachamaa, mpaka mtu akarusha bomu dirishani kwa Mather. Ndui ilipopita ikahesabiwa: waliougua kwa njia ya kawaida walikuwa karibu 6,000 na waliokufa walizidi 800, yaani kama 14 kwenye kila 100. Waliochanjwa na Boylston walikuwa karibu 250, wakafa 6. Ni kama wawili, watatu kwenye 100.

Kihesabu hamna mjadala, kuchanja kulikuwa bora mara kadhaa. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mzazi wa Boston, mtoto wako leo mzima anacheza uani, halafu daktari anakuja anakwambia nipe nimtie ugonjwa kwa mkono wangu, nafasi ya kufa ni ndogo tu. Wangapi wangetoa mkono wa mtoto?

Miaka 40 baadaye wasomi wawili wa hesabu walibishana juu ya jambo hilohilo na mi naona ubishi wao mpaka leo haujazeeka. Daniel Bernoulli alipiga hesabu mwaka 1760 akaonyesha kwamba watu wote wakichanjwa ndui, wastani wa maisha utapanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9 kama chanjo yenyewe haiui mtu, na hata ukihesabu na wale itakaowaua faida inapungua kidogo tu. Faida ya kama miaka mitatu kwa kila mtu, nani akatae? D'Alembert akamjibu kwamba binadamu hafikirii hivyo, kwa sababu hatari ya chanjo inakuja yote kwa pamoja ndani ya mwezi huu, wakati hiyo miaka mitatu ya faida imetawanyika huko mbele na mingi yake utaipata ukiwa mzee. Hakuwa anapinga chanjo, alikuwa anasema serikali inaweza kuhesabu vifo vya nchi nzima lakini mama anahesabu mtoto mmoja. Na kweli, mpaka leo wizara ya afya ikitangaza namba za taifa huku mtu anauliza habari ya mwanangu, hao wawili hawajaanza hata kuongea.

Kuna jambo lingine hapo ambalo mi naliona ndo kiini, nalo ni kwamba kwenye moyo wa mtu madhara yaliyotokana na kitu alichofanya yanauma kuliko madhara yaleyale yaliyotokana na kitu ambacho hakufanya. Mwaka 1990 watafiti Ilana Ritov na Jonathan Baron waliwapa watu swali la kufikirika: kuna homa inaua watoto 10 kati ya 10,000, ipo chanjo inayoizuia kabisa lakini chanjo yenyewe nayo inaweza kuua watoto wachache, je utakubali mtoto wako achanjwe ikiwa inaua wangapi? Kihesabu chochote chini ya 10 ni faida. Watu wengi hawakukubali hata chanjo ikiwa inaua wachache sana kuliko homa, na wapo ambao hawakutaka chanjo ikiwa na hatari yoyote ile, hata kiduchu. Yaani mtoto akifa kwa ugonjwa ni kazi ya Mungu, akifa kwa chanjo nimemuua mimi.

Benjamin Franklin, huyu wa kwenye historia ya Marekani, aliishi na jambo hilo. Mwaka 1736 mtoto wake Francis alikufa kwa ndui akiwa na miaka 4, hajachanjwa. Uzeeni akaandika kwamba alijutia sana, na kwamba analitaja hilo kwa ajili ya wazazi wanaoacha kuchanja wakidhani hawatajisamehe mtoto akifa kwa chanjo, kwamba majuto yanaweza kuwa yaleyale kote kote, kwa hiyo bora uchague njia yenye usalama zaidi. Sidhani kama kuna takwimu inayoweza kufanya kazi ya maneno hayo, manake amekubali hofu ya mzazi ni ya kweli halafu akamwonyesha kwamba kukaa kimya nako ni kuchagua.

Sasa tuje kliniki kwetu. Mtoto anachomwa sindano ya paja wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile ya mchanganyiko wa dondakoo, kifaduro, pepopunda na wenzake. Usiku anachemka, paja gumu, analia mpaka nyumba nzima imeamka, bibi yake anamchukua anamgusa kichwani anasema, "Mwanangu, mmempeleka mzima mmemrudisha mgonjwa." Hilo neno moja la bibi lina nguvu kuliko mabango yote ya ukutani pale kituoni, kwa sababu bibi hajasema uongo, ameeleza alichokiona. Asubuhi mtoto alikuwa mzima, jioni anaumwa, katikati kuna sindano. Kifaduro hajawahi kukiona kwa hiyo hakipo kwenye hesabu yake, homa anaiona mkononi.

Nimeona manesi wakishughulikia hili kwa namna mbili. Wa kwanza anachoma, anaandika kwenye kadi, anaita "anayefuata". Wa pili hata kabla hajavuta dawa anamwambia mama, "Mama, leo usiku anaweza kuchemka na hapa paja pakawa pagumu, ni kawaida, mwili ndo unajifunza. Mnyonyeshe sana, usimkande wala usimpake kitu hapa kwenye sindano. Ila akiwa mlegevu hanyonyi, au homa haishuki kesho kutwa, usinisubiri tarehe ya kliniki, mlete hata usiku." Ni maelezo ya chini ya dakika moja. Huyo mama wa pili homa ikija inamkuta anaitegemea, anamwambia bibi, "nesi alishasema," na bibi anatulia. Homa ni ileile, ila ya mmoja ni ajali na ya mwingine ni kitu kilichotabiriwa, na yale tunayoyaita maudhi madogo madogo ya chanjo ni madogo kweli kwa aliyeambiwa mapema, kwa ambaye hajaambiwa hayana udogo wowote.

Wanaosoma tabia za watu kwenye hatari waligundua zamani kwamba sisi hatuipimi hatari kwa idadi ya vifo tu. Chauncey Starr aliandika 1969, Paul Slovic akaja kuliendeleza kwa kina 1987, kwamba hatari niliyoichagua mwenyewe, niliyoizoea, ninayohisi naidhibiti, naiona ndogo, na hatari niliyoletewa na mtu mwingine, ngeni, isiyoonekana kwa macho, inayogusa watoto au kizazi, naiona kubwa hata kama namba zake ni ndogo. Ndo maana mtu anapanda bodaboda bila helmeti, wamepakizana watatu, mvua inanyesha, hana wasiwasi kabisa, halafu mtu huyohuyo anaogopa chanjo. Tusimcheke. Bodaboda kaichagua na dereva anamjua, chanjo imetoka nchi asiyoijua, ndani ya kichupa ambacho hawezi kusoma kilichomo, na anayemwambia achome ni mtu wa serikali. Ndo maana pia uvumi unaoshika kuliko wote huku kwetu ni wa kizazi. Chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa Tanzania nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, maneno yalikuwa hayohayo, watoto wetu hawatazaa. Saratani yenyewe ndo inaongoza kwa wanawake wa Tanzania, lakini inakuja mtu akiwa na miaka 40 au 50, na msichana wa darasa la saba hana hata picha ya umri huo. D'Alembert tena.

Mwaka 2021 Tanzania tulipitia kitu ambacho mi naona kinafundisha kuliko vitabu. Namba za Uviko zilisimama kutangazwa Mei 2020, zikabaki palepale kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato akasema hadharani kwamba chanjo hizo sio za kuziamini. Machi akafariki, Rais Samia akaingia, Julai 24 zikaja dozi 1,058,400 za Janssen, na Julai 28 yeye mwenyewe akachomwa mbele ya kamera. Sasa fikiria mwananchi wa kawaida anapimaje hapo. Kwa zaidi ya mwaka ugonjwa ulikuwa hauna namba. Chanjo nayo ilikuwa na namba, tena ya kutisha, manake Aprili mwaka huohuo Marekani walikuwa wamesimamisha kwa siku 10 chanjo hiyohiyo ya Janssen kwa sababu ya damu kuganda. Habari hiyo ilifika kwenye kila grupu la watsapu. Kilichokuwa hakifiki ni sehemu ya pili ya sentensi: walioganda damu waliojulikana wakati inasimamishwa walikuwa 6 kati ya watu karibu milioni 7 waliochanjwa. Hatari moja ina klipu, nyingine imekaa kimya, halafu tunashangaa watu wamesema "acha kwanza wengine wachome tuone".

Hiyo "acha tuone" tusiidharau. Kuna tofauti kati ya hatari unayojua ukubwa wake na jambo ambalo hujui hata ukubwa wake, na binadamu kwa kawaida anaikimbia zaidi hiyo ya pili, Daniel Ellsberg alilionyesha hilo 1961 kwa mchezo wa kuchagua mipira ya rangi kwenye vyombo viwili, kimoja unajua idadi ya rangi na kingine hujui, watu wakakimbilia kile wanachokijua. Anayesubiri anajaribu kugeuza kitu asichokijua kiwe kitu anachokijua, na njia aliyonayo ni kuangalia jirani. Na ndivyo ilivyokwenda. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo hapa nchini walikuwa chini ya asilimia 10, lakini watoa huduma walipotoka vituoni wakawafuata watu sokoni, mashambani na nyumba kwa nyumba, na kila mtu akawa na shangazi au mwenyekiti wa mtaa aliyechanja na yuko mzima, kufikia 2023 tulikuwa tumevuka nusu ya wananchi. Chanjo hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hazikuwa tena ngeni.

Upande wa pili wa jambo hilohilo uko Homa Bay, Kenya. Septemba 2019 walianza kutoa kule chanjo ya malaria, RTS,S, kwenye majaribio yaliyohusisha pia Malawi na Ghana. Ile chanjo ina udhaifu wake, haikingi kwa kiwango cha chanjo ya surua na inataka dozi nne, unaweza kudhani watu wangeikataa, lakini kina mama walipeleka watoto kwa wingi. Kwa nini? Kando ya ziwa kule hakuna mama ambaye hajakesha na mtoto mwenye malaria, hakuna familia isiyojua degedege, ugonjwa hauhitaji kuelezwa na mtu yeyote. Mtu akishauona ugonjwa kwa macho huhitaji kumbembeleza.

Na hapo ndo tatizo la chanjo nzuri lilipo. Ikifanya kazi inafuta ushahidi wake. Surua inaambukiza vibaya mno, ukiwaweka watu 10 wasio na kinga karibu na mgonjwa mmoja 9 wataipata, na ili isizunguke kabisa inatakiwa kama asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Mahali walipofika hapo surua inapotea, wanazaliwa wazazi ambao hawajawahi kuona mtoto wa surua mwenye macho mekundu na vidonda mdomoni, kwa hao chanjo inabaki kuwa kitu cha kumliza mtoto bila sababu. Tena kuna mwingine anafanya hesabu sahihi kabisa, watoto wa jirani wote wamechanjwa, wangu atakingwa na wa kwao. Kwa mtu mmoja inaingia akilini. Wakiwaza hivyo 10 kwenye mtaa mmoja ugonjwa unarudi, na ukirudi unaanza na vichanga ambao hata miezi 9 hawajafikisha.

Kuna kisa kimoja ambacho huwa kinanikera nikikikumbuka kwa sababu kinaonyesha kwamba hata wataalamu hawapimi hatari hewani, wanapima walipo. Mwaka 1998 Marekani waliruhusu chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, vinavyoharisha watoto. Baada ya mwaka mmoja ikaonekana kwamba mtoto kama 1 kati ya 10,000 anapata tatizo la utumbo kujikunja na kuingia ndani ya utumbo mwingine, chanjo ikaondolewa sokoni Oktoba 1999. Kwa Marekani, ambako mtoto akiharisha anawekewa dripu na kupona, uamuzi huo unaeleweka. Lakini miaka ileile virusi vya rota vilikuwa vinaua watoto laki kadhaa kila mwaka kwenye nchi maskini, huku ambako dripu iko mbali na njia haipitiki masika. Kwa mtoto wa huku hatari ya moja kati ya 10,000 ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kuhara kwenyewe. Lakini ingetolewaje kwetu chanjo ambayo wenye nayo wameikataa? Hakuna serikali ingethubutu. Chanjo mpya salama zaidi zilikuwa zimekuja kufikia 2006, Tanzania tukaanza kuitoa kwa watoto wote mwanzoni mwa 2013. Miaka yote hiyo katikati kuna makaburi madogo ambayo hayaingii kwenye ripoti ya madhara ya chanjo yoyote, kwa sababu hawakufa kwa kitu kilichofanyika.

Sisemi hofu zote hazina msingi, hapana. Kano, Nigeria, mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto 11 kati ya waliokuwa kwenye jaribio walifariki, chanzo cha vifo kikabishaniwa na kesi zikaenda miaka mingi. Mwaka 2003 Kano hiyohiyo ikagoma chanjo ya polio kwa karibu mwaka mzima, virusi vikasafiri nchi hadi nchi mpaka vikafika Indonesia. Ukiangalia 2003 peke yake unaona ujinga. Ukianza na 1996 unaona watu wenye kumbukumbu ambao hawakujibiwa, na mtu asiyekuamini hata ukimpa namba sahihi anauliza umeipata wapi.

Ndo maana kuwatisha watu hakusaidii. Mwaka 2014 Brendan Nyhan na wenzake walichapisha utafiti wa wazazi 1,759 wa Marekani, wakawaonyesha ujumbe wa aina nne kuhusu chanjo ya surua, wengine maelezo ya kitaalamu, wengine picha za watoto wagonjwa, wengine simulizi ya mtoto aliyekaribia kufa. Hakuna hata ujumbe mmoja uliowaongezea wazazi nia ya kuchanja. Simulizi ya kutisha ikaongeza hata imani kwamba chanjo ina madhara makubwa, nadhani ni kwa sababu mtu mwenye hofu ukimwongezea hofu haichagui ielekee upande gani.

Kinachosaidia ni kumpa mtu pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Ukisikia chanjo imemdhuru mtu, uliza kati ya wangapi, halafu uliza ugonjwa wenyewe unadhuru wangapi kati ya haohao. Surua inaleta uvimbe wa ubongo kwa kama mgonjwa 1 kati ya 1,000, chanjo yake inaleta mzio mkali kwa kama mtu 1 kati ya milioni. Namba hizo ukizitaja kando kando kila moja inatisha kivyake, zikiwekwa pamoja hata asiyependa hesabu anaona. Na anayeelezea aseme wazi kwamba moja kati ya milioni sio sifuri, manake ukimwambia mtu "haina madhara yoyote" halafu jirani akapata, umeshampoteza na hatarudi.

Kwa anayesubiri bado, hujachelewa kihivyo. Surua ratiba yake ni miezi 9 na miezi 18, lakini mtoto aliyepitiliza anachomwa akifika, na wale waliokosa dozi za mchanganyiko wanaendelezwa pale walipoishia bila kuanza upya. Chukua kadi hata kama imechanika, nenda, muulize nesi leo usiku nitegemee nini, na asipokujibu uliza tena kabla hajavuta dawa.